Mguu Mpya wa Baba, Kiatu cha Zamani

Jamani, leo Baba amemfokea daktari hapa hospitali ya Mbale mbele ya foleni nzima!

Tangu arudi vitani nyonga yake ilikuwa mbovu, mguu wa kushoto mfupi. Juzi juzi wakamwekea nyonga ya chuma.

"Daktari, ulipima kwa macho? Mguu umezidi! Natembea kama bata!"

Daktari akamwonyesha picha. Nyonga imekaa sawasawa, miguu iko sawa.

Baba akakataa. Afande hashindwi na picha.

Mama akainama, akamvua kiatu cha kushoto. Kilekile chenye soli nene alichoshonewa baada ya vita!

Foleni ikaangua kicheko.

Baba akavua na cha kulia, akasimama peku, akajinyoosha kama yuko gwarideni. Akatazama utosi wangu, mimi niliyejiita mrefu wa nyumba.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi?"