Pipi ya menthol siku ya kumpa mwanangu jina, Mikindani

Wakuu, salaam. Nimewaona mnabishana kama menthol kwenye vyakula ni salama au ni sumu, nikasema ngoja na mimi bibi yenu nitie neno. Sitaongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Ni miaka ya sabini mwanzoni. Nimeolewa Mikindani, bi harusi bado mbichi, nakaa kwa mama mkwe.

Mama mkwe, Bi Somoe, alikuwa anatengeneza pipi. Sukari, maji, ndimu kidogo, na menthol, zile chembe nyeupe za duka la dawa ambazo watu walichanganya na mafuta ya kuchua wakiwa na mafua. Ukiweka mdomoni unahisi hadi masikio yamefunguka. Makuli wa bandari ya Mtwara walikuwa hawaanzi kazi bila pipi yake.

Kipimo? Macho. Anarusha chembe kwenye sufuria, anainama juu ya mvuke. Akitokwa machozi ya kutosha, basi imekolea.

Nikajifungua, mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwetu siku ya kumpa mtoto jina, mkubwa wa nyumba anamgusisha kitu kitamu kwenye kaakaa, kwa kawaida tende iliyotafunwa. Mwaka ule tende hazikuonekana mji mzima. Mama mkwe akasema basi, mjukuu ataonja utamu wa mkono wa bibi yake. Watu wakafurahi. Hata mimi nilifurahi jamani, sikujua.

Akayeyusha pipi, akachovya kidole, akampaka.

Mtoto akashtuka. Akafungua mdomo kama anataka kulia, sauti haitoki. Pumzi haiingii. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Wakuu, sikumbuki kusimama. Nilimnyakua mikononi mwa mama mkwe, mbele ya shehe na wageni wote, nikamlaza kifudifudi, nikamfuta mdomo kwa kanga yangu, nikawa nampigapiga mgongoni huku namwita jina ambalo hata hajapewa.

Akalia. Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Mnadhani nilipongezwa? Thubutu. Mkaza mwana kumpokonya mama mkwe mtoto mbele za watu ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mawifi wakasema nimemfanya mama yao aonekane mchawi. Mwenyewe akaacha kusema na mimi, hata akitaka chumvi anamtuma jirani aniombe. Mume wangu, maskini, akawa anakula kichwa chini.

Iliniuma sana. Nilikuwa nampenda yule mama.

Habari zikafika kliniki, Bwana Afya akaja nyumbani. Nikajua pipi zimepigwa marufuku na lawama ni zangu. Kumbe hapana. Alieleza kwa upole kwamba menthol kwenye pipi inaruhusiwa, ila kidogo sana na kwa mizani, siyo kwa machozi. Mtoto mchanga asiisogelee kabisa, hata kupakwa puani, maana inaweza kumfunga pumzi. Akamtaka Bi Somoe apimiwe menthol yake zahanati kwanza ndipo aendelee kuuza.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Hakunitazama.

Arobaini yangu ilipoisha tukaenda wote getini bandarini, mimi na beseni la pipi kichwani, bado hatusemi. Akaja mama mmoja na kichanga mgongoni, kina mafua. Anataka pipi akiyeyushie.

Mama mkwe akafunika beseni.

"Hii ya wakubwa, mwanangu. Mimi nusura nimuue mjukuu wangu kwa mkono huu. Huyu mkwe wangu ndiye aliyeniokoa."

Alisema kwa sauti, makuli wote wanasikia. Nikalia pale pale getini bila kuona haya.

Kwa hiyo mnaobishana, swali siyo menthol nzuri au mbaya. Ni kiasi gani, na anakula nani. Someni pakiti. Na mtoto akikosa pumzi, heshima ya ukwe itasubiri.

Wenye bibi wanaotibu vichanga kwa menthol semeni hapa, ila kwa lugha nzuri. Ni wazazi wetu, na wengi wao hawakuambiwa na mtu.