Kalafati Chini ya Pikapu

Watu wa Quitunda humwita Ossufo "Mestre", yaani fundi mkuu, naye huitika. Cheo hicho hakupewa na mtu. Alijivika mwenyewe siku aliyonunua pikapu iliyomzidi umri bintiye Zuleica, na tangu siku hiyo hakuna fundi wa magari kutoka Palma mpaka Awasse ambaye hajatukanwa naye, aliye hai na aliyekwisha zikwa. Huyu mwizi, yule kipofu, yule mwingine spana anaishika kama mwiko wa ugali. Shule Ossufo aliiachia darasa la nne, na husema aliacha kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya.

Kazi aliyoijua kweli ilikuwa moja tu: kukalafati vyombo vya baharini. Kule kijijini kwao ufukweni, kabla hawajahamishwa kuletwa kwenye nyumba hizi za bloko mbali na pwani, hapakuwa na wa kushindana naye katika kushindilia pamba yenye mafuta ya nazi kwenye maungio ya mbao. Hilo apewe, ni haki yake. Lakini Quitunda hakuna chombo cha kukalafati, na mkono uliozoea kuziba matundu hautulii.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, alitandika gunia chini ya pikapu mbele ya baraza yake. Kesho yake asubuhi ilikuwa arobaini ya mama mkwe wake huko Nhica do Rovuma, na Ossufo alikuwa amewatangazia wazee wa mkewe, bila kuulizwa, kwamba atawapeleka yeye. Shida ni kwamba gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa likitoa mafuta kama pua ya mtoto mwenye mafua. Mkewe, Ancha, alisimama barazani mikono kiunoni.

"Baba Zuleica, ukimaliza hiyo kazi na gari ikavuja tena, mimi na wazee wangu tunapanda ya kaka yangu."

"Ya Sualehe?" Ossufo alijibu kutoka chini. "Lile kopo? Kaka yako hajui hata boneti inafungukia upande gani. Taa ikiwaka kidogo, mbio gereji."

"Na ikifika gereji inazimwa. Mimi nimesema."

Hapo ndipo penye moto. Pikapu kufa, Ossufo angevumilia. Lakini ateremke kwenye basi dogo la shemeji yake mbele ya ukoo mzima wa mkewe, begi mkononi, baada ya majigambo yote yale? Afadhali aende kwa miguu.

Kazi yenyewe aliianza vizuri, tusimwonee. Aliiendesha gari kidogo ili mafuta yapate moto yatoke upesi. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, lina vizibo viwili: cha juu cha kujazia na cha chini cha kumwagia. Akaanza na cha juu.

"Hawa wenye diploma wanafungua cha chini kwanza," alimwambia jirani aliyekuwa akichungulia juu ya uzio. "Mafuta yakiisha kumwagika, wanakuta cha juu kimeshikana kutu, hakitoki. Gari inabaki tupu kama vichwa vyao. Tazama ujifunze, Judite."

Judite alikuwa Mmakonde kutoka Mueda. Miaka minne alishika spana kwenye gereji ya malori, na cheti chake cha chuo cha ufundi alikitundika ukutani ndani ya fremu. Ossufo alikiona siku moja, akasifu kioo.

Kizibo kilipolegea kilipiga mluzi, kisha mafuta meusi yakamrukia Ossufo usoni mpaka ndevuni.

"Imekupigia chafya," alisema Judite.

"Inanisalimu."

"Difu haina salamu, mestre. Hiyo ilikuwa imebanwa pumzi. Juu ya ekseli kuna katundu ka kupumulia, kenye kofia ndogo. Kako wapi?"

"Kale?" Ossufo alijifuta uso kwa tambara. "Nilikaziba siku ya kwanza. Nilikuta kofia imevunjika, tundu limeachama linatazama mbingu. Nikalitia kalafati."

Judite alishika uzio kwa mikono miwili, akacheka mpaka kuku wa Ancha wakahama kivuli.

"Cheka. Nyie wa bara mnajua nini? Mtu kazaliwa mlimani, anifundishe mimi tundu. Tundu ni adui. Ukiliacha, unazama."

"Unazama wapi, baba, kwenye mchanga? Difu ikizunguka inapata joto, hewa ya ndani inavimba. Ikikosa pa kutokea inasukuma mafuta, yanapenya kwenye sili, zile pete za mpira za magurudumu. Kila mwezi unatia mafuta mapya ya valvulina, unasema wanakuuzia mbovu. Kibovu ni hicho kizibo chako."

"Umemaliza?"

"Bado breki. Mafuta yakishalowesha breki, hilo ni jeneza. Nipishe nifungue gurudumu, nibadilishe sili, kesho mwende salama."

Watu walikuwa bado wanapita kutoka msikitini. Ossufo akawaza watakavyomwona yeye guniani, na mwanamke wa Mueda akifungua gurudumu la Mestre. "Nenda kaifute fremu yako," alisema.

Akamwaga mafuta yote kwenye beseni, akafuta kizibo cha chini, akakikaza. Galoni ya valvulina akaiweka juu ya bodi, mpira mmoja ukashuka mpaka kwenye tundu la kujazia, akasubiri hadi mafuta yalipoanza kudondoka ukingoni. "Ikitapika, imeshiba," alitangaza, akafunga. Kisha akaiendesha kuelekea Palma na kurudi, karibu nusu saa, na alipopita kwa Judite alipiga honi, kwenda na kurudi.

Aliporudi, Ancha aliinama, akapitisha kidole ndani ya rimu ya kushoto, akamwonyesha. Kidole kilikuwa cheusi, kinang'aa.

"Hayo ya zamani," alisema Ossufo. "Yalikuwa yamebaki."

"Nilikwisha lifuta gurudumu mwenyewe kabla hujaondoka." Na simu ilikuwa tayari sikioni mwake. "Kaka? Asalaam aleikum. Kesho utatupitia."

Ossufo akarudi chini ya gari. Safari hii alichukua kile chuma chake cha kalafati, akaanza kung'oa. Ilimchukua karibu saa nzima, maana haikuwa kazi ya mvivu: pamba matabaka manne, yameshindiliwa yakawa kama mbao. Hata upumbavu wake aliufanya kifundi. Tabaka la mwisho lilipotoka, hewa ilimpulizia usoni, ya moto, yenye harufu ya nazi iliyoungua. Akalala pale akihesabu mafundi aliowatukana. Alipofika wa sita akaacha, akawatukana waliounda gari: wangeandika basi kwamba tundu lile ni la kazi.

Lakini sili ilikuwa imekwisha kufa. Alipojaribu breki uani, pikapu ilivuta kulia, nusura iingie banda la kuku.

Asubuhi Sualehe alifika na basi lake, limeoshwa. Hakucheka, hakupiga kijembe. Alifungua mlango, akasema, "Karibu, shemeji," na hilo lilimuuma Ossufo kuliko tusi. Akapewa kiti cha nyuma kabisa, kati ya gunia la mchele na shangazi mmoja wa Ancha.

"Mestre," alisema shangazi, "gari yako vipi?"

"Inapumzika."

"Na ufunguo?" aliuliza Ancha kutoka mbele, bila kugeuka.

"Nimeuacha."

"Kwa nani?"

"Kwa jirani."

"Majirani tunao wengi, baba Zuleica."

"Kwa Judite."

"Aufanyie nini?"

Injini ilikuwa bado haijawashwa. Sualehe alikuwa na mkono kwenye swichi, anangoja, na wazee wote wanangoja naye. Ossufo alitazama dirishani. Nje palikuwa na ukuta wa nyumba yake tu.

"Abadilishe sili," alisema. "Na asafishe breki." Akageuza uso kutoka dirishani. "Tundu nililiziba mimi."

"Haya, kaka," alisema Ancha. "Washa twende."