Mwaka wa Nyama Rahisi na Chai ya Strungi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nanyuki nimefika mara moja tu maishani, nikarudi jioni ile ile kwa sababu nilikikumbuka kiti changu. Kwa hiyo nikieleza habari za bei ya nyama na maziwa, mjue nilizitazama zote kutoka kwenye kiti hicho, barazani kwetu, juu kidogo ya Othaya, kikielekea zizi.

Zizini alikuwamo ng'ombe mmoja, mwekundu mwenye mabaka meupe. Ilikuwa ile miaka ya baada ya uhuru ambapo kila boma lilitaka ng'ombe wa gredi, wale wa damu ya kizungu wenye maziwa mengi, na wetu tulimpata kwa jasho la kahawa. Mke wangu ndiye aliyempeleka barabarani siku aliyopita daktari wa serikali na mbegu za dume kwenye mtungi wa barafu. Watoto wa kijiji walimwita daktari yule "dume la tai," kwa ile tai aliyovaa shingoni. Ng'ombe akashika mimba.

Halafu mvua ikakataa. Nyasi zikakauka, unga wa ng'ombe ukapanda bei. Bei ya maziwa haikupanda, kwa maana ilipangwa Nairobi na watu ambao, nadhani, maziwa waliyaona kwenye kikombe tu. Tukawa tunalisha kwa hasara na kukamua kidogo, mpaka siku moja hatukukamua kitu.

Ndipo mwenye bucha wa pale sokoni akaja, mtu mcheshi, kamba begani. Akamfinya ng'ombe mgongoni.

"Mzee, hii ni nyama imesimama. Niuzie kabla haijakuwa ngozi."

"Iko na mimba," mke wangu alisema.

"Mimba si nyasi, mama. Haitaishibisha."

Sasa, mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, na sikuwa nimepata nafasi ya kuyatumia niliyosoma. Nikamweleza yule bwana kwamba kitu kikiadimika bei yake hupanda. Kiangazi kitamaliza ng'ombe, nyama itaadimika, basi sisi tutangoja. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, akaenda zake akicheka ndani ya kola ya koti.

Aliporudi mwezi uliofuata, bei yake ilikuwa imeshuka karibu nusu. Nikamwita mwizi. Lakini mchana huo huo alifika shemeji yangu kutoka Endarasha, ambako ni kukavu kuliko kwetu, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji, watu wote wa huko wako barabarani na ng'ombe zao wakienda Nanyuki. Kila mtu anauza kabla yake haijaanguka. Na hakuna mtu ananunua kuweka. Ni ya kuchinja tu."

Mke wangu alinigeukia.

"Huyo mwalimu wako wa mambo ya bei, alikuwa na ng'ombe?"

"Alikuwa na baiskeli."

"Ahaa," akasema, akaingia jikoni.

Nyama ikawa rahisi ajabu. Sisi tuliozoea kuionja Krismasi tuliila Jumanne, tena bila mgeni. Lakini chai tuliinywa nyeusi, ile tunayoiita strungi, kwa sababu maziwa hayakuwepo hata ya kukopa kwa jirani. Siku moja mke wangu aliinua kipande cha nyama, akakiangalia, akakirudisha kwenye sahani.

"Hapa tunakula maziwa ya mwaka ujao," akasema.

Wiki hiyo ng'ombe wetu alishindwa kuinuka. Nikampelekea mwenye bucha ujumbe kwamba aje Jumamosi, nimekubali bei yoyote. Mke wangu hakubishana nami. Hiyo peke yake ingenitia wasiwasi, kama ningekuwa mtu mwenye akili.

Kando ya mto alikuwa na migomba yake. Naomba mwelewe, migomba *yake*. Mimi sikukata hata jani bila ruhusa. Humo ndimo zilimotoka sare za watoto, chumvi, na kila kitambaa cha kichwa alichowahi kujifunga. Basi Jumamosi asubuhi nilisikia panga linalia huko chini, nikaondoka kitini. Nilimkuta anaiangusha mmoja baada ya mwingine.

"Hata huu wenye mkungu?"

"Kwani mkungu unakamuliwa? Shika huko, mtu wa kiti."

Tuliyabeba mashina, tukayakatakata vipande vidogo, tukanyunyiza chumvi. Shina la mgomba lina maji mengi kuliko yale mto wetu uliyokuwa nayo mwaka ule. Ng'ombe alianza kula akiwa amelala, kichwa kwenye mapaja ya mke wangu.

Mwenye bucha akatukuta hivyo, mikono myeusi kwa utomvu.

"Ati siku hizi mnapikia ng'ombe?"

"Rudi sokoni," mke wangu alimwambia. "Hapa hakuna nyama. Iko maziwa tu, bado haijafika."

Mwenye bucha aliingia zizini. Kisha akapitisha ile kamba yake chini ya tumbo la ng'ombe, akatuambia tuvute kwa pamoja, na ng'ombe akasimama. Akaikunja kamba, akaenda bila kuongea bei.

Mvua ilinyesha. Ng'ombe akazaa ndama jike, mwembamba kama benchi. Wakati huo serikali nayo ikapandisha bei ya maziwa, mazizi mengi yakiwa matupu. Nyama pia ikawa ghali, kwa kuwa ng'ombe wa kuchinja tulikuwa tumeshawala. Somo langu lilitimia, lilichelewa tu mwaka mmoja. Nilimkumbusha mke wangu. Alinipa ndoo nikateke maji.

Asubuhi moja mwenye bucha akaja tena, bila kamba, na chupa mkononi. Alitaka maziwa ya chai.

"Usiniombe mimi," mke wangu akasema. "Mwombe mwenyewe."

Yule bwana akaenda mpaka zizini, akavua kofia.

"Mama," akamwambia ng'ombe, "yale maneno yangu tuyasahau."

Chupa yake ilijazwa mpaka mdomoni.

Mimi nilikigeuza kiti changu. Siku hizo kilielekea mtoni, ambako machipukizi ya migomba yalikuwa yanatoa ncha udongoni. Mke wangu alipita na karai la nguo, akasimama.

"Na huko unaangalia nini?"

"Nangoja bei ipande."

Akacheka mpaka akaweka karai chini, akaketi kando yangu, tukayaangalia machipukizi pamoja.