Miguu Arobaini

Enzi zetu kule Oldonyiro, ukiwa na Kiingereza cha darasa la tano, wazee walikupisha njia. Mimi nilikuwa hivyo mwaka ule wa ukame, miaka ya sabini. Vumbi lilitanda hata mbuzi wa mbali wakaonekana kama wanaogelea hewani, na mama zetu waliotoka alfajiri kutafuta maji walirudi jua likiwa utosini.

Siku moja akaja mzungu wa kupima maji. Dereva aliyezoea kumtafsiria alikuwa ameugua, akabaki mjini. Baba akanisukuma mbele.

"Nakiru, sikiliza anasema nini."

Mzungu alizunguka na vyombo vyake, akasimama kando ya jiwe jeupe, akagonga ardhi kwa kisigino. Kuna maji, alisema, "forty feet". Neno hilo la "feet" nililijua! Shuleni tuliliimba kila asubuhi tukishika viungo vya mwili: kichwa, pua, mguu. Nikawaambia wazee kwa maringo, "Maji yako miguu arobaini."

Alipoondoka, Mzee Ekal, jirani yetu, alivua viatu vyake vya akala, akaanzia kwenye jiwe kuelekea upande ambao mzungu alikuwa ametazama, kisigino kikigusa kidole, kijiji kizima kikihesabu naye. Alipofika arobaini, wanaume wakaanza kuchimba.

Walichimba wiki mbili. Baba alizama hadi kofia ikapotea. Wakakuta mwamba mtupu, lakini wakaendelea kuugonga.

Halafu siku moja mwalimu wa hesabu akainua rula. "Hii ni foot moja. Inchi kumi na mbili."

"Mwalimu, foot si mguu?"

"Ni mguu, na pia ni kipimo, futi. Hata kina cha kisima hupimwa kwa futi, kwenda chini."

Sikuomba ruhusa. Nilikimbia hadi shimoni, nikamwita Baba. Akapanda juu, viganja vimepasuka, wazee wakinitazama.

"Baba, nilikosea. Si miguu ya kutembea. Ni kwenda chini, palepale aliposimama mzungu."

Nilingoja kofi. Baba akajifuta uso taratibu.

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua."

"Basi leo tumejua sote. Ekal, lete sururu."

Wakahamia penye jiwe. Maji yalitokea kabla hata ya futi arobaini, yana chumvi kidogo, baridi. Mama alininawisha uso kwa kata ya kwanza, mbele ya wote.

Wajukuu wangu hapa mtaani Bulla Pesa wakitaka maana ya neno huuliza simu, nayo hujibu kabla hawajamaliza. "Shosho, si ungeangalia tu kwa simu?" wananiuliza, wakicheka. Nacheka nao. Hawakosei ovyo kama mimi, na hilo ni jema. Ila siku hizi mtoto akitaka kujua jambo hahitaji mtu, nasi wakubwa tunakaa palepale sebuleni, tukingoja kuulizwa.