Gari Lililopanda Cimpunda Kinyumenyume

Juzi nilirudi Bukavu kwa arusi ya binamu yangu, na kwa kuwa teksi zilikataa kupanda mulima wa Cimpunda, mtaa wetu, kwa ajili ya tope, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Nyuma yangu nikasikia gari. Injini ililia kwa nguvu zake zote, lakini gari lenyewe lilisogea kama mtu anayeumwa magoti. Sikugeuka. Niliujua ugonjwa wake kabla sijaliona, rafiki yangu, kwa sababu sauti ile ilijaza msimu mmoja wa mvua wa utoto wangu.

Baba alipofariki alituacha wanawake watatu na gari moja: mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi, na koko, yaani nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Gari lilikuwa la Kijapani, jeupe, otomatiki. Lilikuwa limezeeka kabla halijatufikia. Kilomita zake zilikuwa zimepita laki tatu, na baba alizoea kusema kwamba limezunguka dunia yote likaona afadhali Bukavu. Yeye ndiye aliyemfundisha mama kuendesha. Matanga yalipokwisha, mama alitoa viti vya nyuma akaanza kwenda Kavumu, nje ya mji, kila Jumanne na Ijumaa kununua kabichi, nyanya na maharagwe ya kuuza soko la Kadutu. Wakati wa likizo mimi na koko tulikwenda naye. Bado ninaisikia harufu ya gari lile: majani mabichi, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokauka, na mahindi ya kuchoma tuliyokula njiani huku koko akitema maganda dirishani.

Mvua zilipoanza, gari likaanza kutuchezea. Mama akisukuma gia ili tuondoke, lilikaa kwanza kama linafikiri, halafu linaruka ghafla. Mulimani injini ililia bure, hatuendi. Mama akalipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na garaji chini ya soko. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia hapo hapo gari liliposimama, limeinama kwenye mteremko, injini imezimwa. Akakitazama, akatikisa kichwa.

"Mafuta iko, maman. Ni bwate ndiyo ilishakufa," alisema. Bwate ndiyo lile sanduku la gia. "Tafuta ingine, ao uuze hii kwa vipande."

Kabla jua halijatua, habari zilikuwa zimemfikia tonton, mdogo wake baba. Jumapili, baada ya misa, alikuja na koti lake la kijivu. Alikula fufu na sombe yetu mpaka akashiba, ndipo akasema.

"Shemeji, hii gari ni ya ndugu yangu. Bwate imekufa, na wewe ni mwanamuke, utafanya nayo nini? Nilishapata mutu wa kuinunua vipande vipande. Atakuja Jumamosi."

Mama alikuwa anaosha sahani. Hakuacha.

"Mwenye kufa ni ndugu yako," alisema. "Bwate haiyakufa."

Koko alimtazama mwanawe, akamtazama mkwe wake, akavuta pagne yake mabegani. Nilingoja amtetee mwanawe. Alimwambia tu, "Ukienda, ufunge mulango, baridi inaingia."

Jumanne mama alikwenda Kavumu kama kawaida. Kabichi zilikuwa zinatungoja, alisema, na kabichi hazijui habari za bwate. Tulirudi mchana, tumejaa mpaka dari. Chini ya mulima wa Cimpunda gari likakataa kabisa. Mama alijaribu mara tatu; injini ililia, magurudumu hayakusikia. Watu wakaanza kukusanyika. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama maman amechoka, atafutiwe mwanaume wa kuendesha.

Mama akaligeuza gari, makalio yake yakaangalia mulima, akatia marisharye, ile gia ya kurudi nyuma. Gari likapanda. Koko alikuwa ameshashuka. Alitangulia na mwavuli wake, akiwasogeza watu, mbuzi na wauza sabuni. "Mutoke," alikuwa anasema, bila kupaza sauti. "Mutoke, tunapita." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele, nusu ya mzaha, nusu si mzaha. Mimi, nikiwa juu ya magunia, niliona haya nikataka kufunika uso. Halafu niliona shingo ya mama, imegeuka nyuma, imenyooka. Nikaufunua uso wangu. Tulifika nyumbani tukitanguliza taa za nyuma.

Jioni ile mama alikuwa anamimina mawese kutoka bidoni, yaani dumu, iliyobaki na kidogo. Alikuwa ameinamisha bidoni upande mmoja, mawese yakakimbilia pembeni, mdomoni hakikutoka kitu. Akaiinamisha upande wa pili, yakatoka. Akasimama vile, bidoni mkononi.

"Mama," akamwambia koko, "bwate ikikufa, inakufa mbele na nyuma. Hii inapanda na marisharye. Tukiangalia juu, mafuta ya bwate inakimbilia nyuma na pampu inanyonya upepo. Mafuta ni kidogo."

"Fundi alisema iko," koko akajibu.

"Fundi alipimia kwenye mulima. Na injini ilikuwa imelala, mafuta yote ilikuwa imeshuka chini."

Katika mji wetu ni kazi kupata mita kumi za udongo ulio sawa. Kwa hiyo Ijumaa, kule Kavumu ambako ardhi imelala, mama alisimamisha gari likiwa moto, akaiacha injini inazunguka, akapitisha gia zote moja moja, akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu karibu mpaka ncha. Tone lililobaki alilipaka kwenye kidole chake, akalinusa, akanipa nami ninuse. Lilikuwa bado jekundu, halikunuka kuungua. "Kama ingekuwa nyeusi na inanuka moto," aliniambia, "ningeamini fundi." Alinunua mafuta ya bwate, akayatia kidogo kidogo, akipima kila mara. Usiku tulitandika karatoni chini ya gari, na asubuhi matone mekundu yalituonyesha mpira unaokwenda kwenye radiata. Ulikuwa umepasuka nchani. Mama aliikata ncha kwa kisu cha jikoni, akaurudisha mpira, akaukaza, akaongeza mafuta.

Saa sita tonton alifika na mnunuzi wake. Mama aliwafungulia milango, wakaingia bila kujua wanaenda wapi. Mama akateremka nalo mpaka chini ya mulima, akaligeuza, akapanda, pua mbele. Juu alisimama, akamwambia mnunuzi ashuke. Tonton alibaki ndani, anatazama magoti yake.

"Ndugu yangu angefurahi," alisema mwishowe, akijifuta macho kwa mkono wa koti. Kumbe naye alikuwa bado anamlilia baba. Mama alimrudisha kwake bila kumsimanga, lakini funguo hakumpa.

Gari lilitufanyia kazi miaka mingine minne, na siku ya kuliuza aliichagua mama mwenyewe. Sasa koko amelala makaburini. Garaji ile imekuwa duka la simu. Upande mmoja wa njia yetu umeliwa na mvua pamoja na nyumba za majirani, na wanawake waliopiga vigelegele siwaoni tena sokoni. Kwenye arusi wajomba walikuwa wanasimulia kwamba gari la marehemu baba lilitengenezwa na fundi mmoja hodari kutoka Goma. Nikasimama na sahani yangu mkononi, nikawaambia wanyamaze kidogo, nikawasimulia yote kama nilivyokusimulia wewe. Mama alikuwa amekaa pale pale, anachambua samaki wake. Hakunizuia.