Kemshafti ya Mbio na Mama Mkwe

Mbaraka wa Kilindoni alikuwa bodaboda aliyeamini kuwa breki zimewekwa kwa ajili ya waoga. Wageni wa hifadhi ya bahari alikuwa akiwafikisha Utende wameshikilia kofia kwa mikono miwili. Mkewe, Mwanamkuu, alipochoka kupewa pole kabla hajafiwa, akarudi kwao Kanga.

Siku hizo kemshafti ya pikipiki, chuma kinachofungua valvu za injini, ilikuwa imelika. Mzee Zoeb, muuza spea, akamwekea mbili mezani.

"Hii ya kawaida, baba, inavuta taratibu hata kwenye mchanga. Hii ya mbio inafungua valvu sana. Ukienda kasi ni moto mtupu. Ukipunguza mwendo, injini inazima."

"Kwani nani anapunguza?" Mbaraka akajibu, akabeba ya mbio.

Hajanawa hata grisi baada ya kuifunga, Mwanamkuu akapiga simu. Mama yake, Bi Mwanahalima, yuko Kilindoni. Mbaraka amfikishe Kanga. "Akisema umejifunza kwenda taratibu, narudi. Asiposema, niletee nguo zangu."

Mbaraka akakimbilia dukani. Ile ya kawaida ilikwisha nunuliwa. Majuto ni mjukuu.

Mtu hagusani na mama mkwe wake, kwa hiyo pakacha la mihogo likawekwa katikati yao. Mbaraka akaondoka kwa adabu zote. Pikipiki ikakohoa, ikazima. Akapiga kiki, ikanguruma. Akapunguza mafuta, ikazima. Mchanga ulipoanza, mkono ulimwasha avute mafuta yote, safari iishe. Akamkumbuka Mwanamkuu. Alimpenda yule mwanamke, basi. Akashuka, akasukuma.

Bi Mwanahalima akabaki juu na mwavuli wake, akiitikia shikamoo za barabara nzima kama bibi harusi. Baiskeli zikawapita. Mbuzi naye akawapita, akageuka kuwatazama.

Walipofika Kanga, Mwanamkuu alikuwa mlangoni. "Mama, mwendo wake vipi?"

"Mwanangu, rudi kwako! Mume ametulia huyu, mpaka tumepitwa na mbuzi."

Mwanamkuu akaigusa injini, ni ya baridi, kisha akalitazama shati la mumewe lililolowa chapachapa. Mke wa bodaboda hadanganyiki kwa injini. Akacheka mpaka akashika mlango, akaingia ndani, akatoka na furushi lake, akapanda kwenye kiti cha pikipiki.

Mbaraka, kwa furaha, akanyanyua mguu apige kiki.

"Acha hiyo," mkewe akamwambia. "Sukuma, kama ulivyomsukuma mama."