Bibi Aliyemshusha Dereva wa Trekta

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bashay, miaka ambayo upande wa Hanang mashamba ya ngano ya serikali yalizidi kupanuka. Niliandika hadithi ya bibi mmoja anayepeleka ng'ombe kunywa maji, akakuta njia yake imelimwa. Anasimama mbele ya trekta na kumwambia dereva, "Shuka. Unisalimie kwanza."

Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na Kiswahili tulichokionea wivu sote. Nilimpa aisome. Akairudisha imejaa wino mwekundu. Mahali pengi alikuwa sahihi, nami nikarekebisha bila ubishi. Lakini bibi wa hadithi yangu sasa alisema, "Ewe kijana, huoni kwamba njia hii ni urithi wa mababu zetu?" Na mwishoni alikuwa anamshukuru meneja wa shamba.

Jumamosi nilikwenda kwa mama, nikamsomea zote mbili, yangu na iliyosahihishwa, huku akipukuchua mahindi. Aliposikia ile ya mwalimu, aliuliza huyo bibi kasoma shule gani. Nikaanza yangu. Kurasa mbili za mwanzo zilisifu Mlima Hanang na mawingu yake, na katika kurasa hizo mama aliinuka mara mbili kufukuza kuku. Nilipofika kwenye trekta, mikono yake ilitulia juu ya gunzi.

"Akashuka?" aliuliza.

Nikamsomea mpaka dereva aliposhuka na kusema shikamoo.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilifuta mlima wote. Iliniuma, maana zile ndizo sentensi nilizojivunia. Bibi sikumgusa.

Jumatatu nilimwamkia mwalimu kama kawaida, kwa kuwa alinizidi umri, kisha nikamweleza kwamba maneno ya bibi nimeyarudisha. Alisema wasomaji wa mjini watadhani watu wa huku hawajui Kiswahili.

"Bibi anakijua," nilimjibu. "Ana maneno machache, na amekasirika."

Akaniambia basi nisimtaje popote kuwa aliihariri. Sikumtaja.

Jarida nililolipelekea liliikataa, likisema lugha ya mhusika si sanifu. Nikaipiga chapa upya, nikaituma tena bila kubadilisha neno la bibi hata moja. Ikarudi. Mara ya tatu ikatoka. Labda mhariri alikuwa mwingine, labda walinichoka. Sikuuliza.

Mwaka uliofuata yule mwalimu aliniletea hadithi yake mwenyewe, akaniomba niihariri. Kurasa nne nzima zilieleza tabia njema za mhusika kabla hajafanya lolote. Nikazikata zote, nikaandika pembeni: Anafanya nini? Alipoiona, alitaka nizirudishe. Nilimsalimia kila asubuhi kwa heshima zote, lakini kurasa zile sikumrudishia.